Sekenke: Mgodi wa Kufungwa na Kufunguliwa

Abiria wa mabasi ya Singida kwenda Nzega wanaujua mlima Sekenke kwa kona zake kali na kwa malori yaliyowahi kupinduka pale. Jirani na mlima huo, wilayani Iramba, ndiko ulikoanzia uchimbaji mkubwa wa dhahabu katika nchi yetu. Wajerumani waliigundua dhahabu hiyo mwaka 1907, na kufikia 1909 mgodi ulikuwa unazalisha.

Sekenke ingebaki mgodi wa kawaida wa kikoloni kama si vita vya 1914. Meli za kivita za Waingereza zilizuia njia ya baharini, na sarafu zikaacha kuja kutoka Ujerumani. Askari walitaka mshahara, wapagazi nao walitaka ujira. Serikali ya kikoloni ikachapa noti za dharura humuhumu nchini, lakini karatasi haikuaminiwa kama chuma. Ndipo dhahabu ya Sekenke ilipopelekwa Tabora. Mwaka 1916, katika karakana ya reli, ikafuliwa kuwa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, nyuma yake milima, na chini yake herufi T ya Tabora. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000 tu. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hununua sarafu hiyo kwa bei kubwa, na kwao inajulikana kwa jina la Tabora. Kwa maoni yangu, Sekenke imedhulumiwa.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, mgodi ulifungwa na kufunguliwa kwa vipindi. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35, na migodi mingi ya Tanganyika ikapata uhai. Bei hiyo haikubadilishwa kwa zaidi ya miaka 30, huku gharama za mafuta, mashine na vibarua zikipanda. Sekenke ilifungwa mwaka 1959. Geita, mgodi mkubwa kuliko huo, nao ulisimama mwaka 1966.

Kampuni iliyoendesha mgodi ilipoondoka Sekenke, dhahabu haikuondoka nayo. Wachimbaji wadogo walikuja na sururu, wakachimba maduara, yaani mashimo, na kuyashikiza kwa matimba, yaani magogo, mawe wakasaga kwa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe. Hata marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, yana wanunuzi wake. Zebaki ya kunasia dhahabu nayo ipo, na madhara yake yanawafika hata wasiochimba.

Aliyeajiriwa Sekenke akiwa kijana wa miaka 20 wakati mgodi unafungwa, alizaliwa mwaka 1939. Wenye babu wa umri huo huko Shelui na Kiomboi, wilayani Iramba, waulizeni sasa, na mwandike majibu yao.