Beki Asiyeandikwa Daftarini

Katika mpira wa magongo mfungaji husifiwa kwa mabao yake, nayo huandikwa daftarini yakasalia. Ama beki, ambaye kazi yake ni kuzuia lisiandikwe lolote, sifa yake aghalabu hutoweka pamoja na watazamaji walioishuhudia. Ni ajabu basi kwamba jina kubwa kupita yote katika historia ya mchezo huo nchini Kenya ni la beki, Avtar Singh Sohal, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1938.

Nairobi hiyo ilikuwa imegawanywa na ukoloni hata michezoni: Singasinga walikuwa na Sikh Union, Wagoa na Goan Institute, Waislamu na Sir Ali Muslim Club; na ushindani baina ya klabu hizo, ijapokuwa ubaguzi uliozizaa haustahili sifa yoyote, ndio ulionoa wachezaji ambao Kenya iliwapeleka Melbourne mwaka 1956, ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Avtar alicheza Roma 1960, kisha akawa nahodha Tokyo 1964, Mexico 1968 na Munich 1972. Tokyo Kenya ilikuwa ya 6. Na katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, ikawa ya 4, baada ya kufungwa na Uhispania 1-0 katika nusu fainali, kisha India ikaishinda 2-1 katika muda wa nyongeza. Alipostaafu alikuwa amelichezea taifa mara 167, hesabu iliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Walakini hesabu haitoshi kueleza umaarufu huo, maana Surjeet Singh Panesar naye alicheza Olimpiki zizo hizo nne, na hatajwi hata nusu ya anavyotajwa mwenzake.

Tuzo nazo hazitoshi. Ng'ambo, katika magongo ya barafuni, Eddie Shore wa Boston Bruins alitunukiwa mara 4, kati ya 1933 na 1938, tuzo ya mchezaji mwenye manufaa makubwa kuliko wote katika ligi, daraja ambayo hakuna beki mwingine aliyeifikia. Lakini Shore, aliyekuwa akilipwa kwa mchezo wake, baadaye alinunua klabu ya Springfield, na huko wachezaji wake mwenyewe wakamgomea kwa ukali na ubahili wake. Hivyo heshima aliyoichuma uwanjani akaipunguza kwa mkono wake.

Avtar alicheza kwa ridhaa. Na sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 zilipozisukuma jamaa nyingi za Kiasia kuhamia Uingereza na Canada, klabu zikakaukiwa wachezaji, yeye alibaki Nairobi akawa mkufunzi wa timu ya taifa. Kwa rai yangu, kubaki huko, kuliko zile mechi 167, ndiko kulikolihifadhi jina lake miongoni mwa vijana wanaocheza City Park, upande wa Parklands, ambao hawakumwona akilinda lango. Kenya ilirudi Olimpiki Los Angeles 1984 na Seoul 1988. Tangu hapo, katika magongo, haijafuzu tena.