Pampu ya Maziwa na Siku 84

Mhitimu wetu mmoja, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza mwaka huu, ameniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyewahi kukaa katika darasa langu la historia ya kazi: anunue pampu ipi ya kukamulia maziwa, na vifaa gani viambatane nayo? Likizo yake inakaribia kwisha. Dukani amekuta za mkono na za umeme, za titi moja na za matiti mawili, za betri na za waya, na bei zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Nilipomaliza kumjibu niliona kwamba jibu lenyewe ni la umma kuliko la mtu mmoja, kwa kuwa pampu ina historia, na historia hiyo inamhusu mwajiri kama inavyomhusu mama.

Kwa muda mrefu chombo cha kuvutia maziwa kilikuwa mali ya tabibu. Vitabu vya utabibu vya Ulaya vya karne ya 16 tayari vinataja vyombo vya kioo ambavyo mama alijivutia maziwa kwa mdomo wake mwenyewe, titi lilipojaa na kuuma au mtoto aliposhindwa kunyonya. Mwaka 1854 Orwell H. Needham wa New York alipewa hataza ya pampu nchini Marekani. Katika miaka ya 1920 Edward Lasker, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani ambaye wengi wanamkumbuka kwa umahiri wake wa mchezo wa sataranji, alibuni pampu ya mashine iliyosaidia kupata maziwa kwa ajili ya watoto njiti. Msomaji azingatie jambo hilo: aliyekusudiwa ni mtoto dhaifu asiyeweza kunyonya, na mashine ilikaa hospitalini pamoja naye. Mama mzima wa afya, mwenye mtoto mzima wa afya, hakuwa na haja nayo.

Hatua kubwa ya kiufundi ilitoka Sweden. Mhandisi Einar Egnell alichunguza nini hasa hutokea ndani ya titi linapovutwa, na mwaka 1956 akachapisha matokeo yake. Mtoto havuti mfululizo. Huvuta, huachia, humeza, huvuta tena. Egnell aliifanya mashine ifuate mdundo huo, akaweka na kikomo cha nguvu ya mvuto, milimita 200 za zebaki, ili ngozi isijeruhiwe. Pampu yake ikaitwa Sista Maja, kwa heshima ya muuguzi Maja Kindberg. Kila pampu ya umeme inayouzwa leo ni mjukuu wa kazi ile, na sioni vibaya kwamba jina lililobaki juu ya mashine lilikuwa la muuguzi.

Ilitokaje wodini ikaingia ofisini? Mwaka 1961 Olle Larsson, naye raia wa Sweden, alianzisha kampuni ya Medela nchini Uswisi. Mwaka 1996 kampuni hiyo ilitoa pampu ya umeme ndani ya mkoba unaofanana na ule wa kwendea kazini, na mkoba huo unaeleza mambo kuliko hotuba nyingi za mawaziri. Mnunuzi hakuwa tena mama wa mtoto njiti bali mfanyakazi. Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya likizo ya familia mwaka 1993: wiki 12, bila malipo, na si kwa kila mwajiriwa. Mageuzi ya bima ya afya ya mwaka 2010 yakaleta muda wa kukamua kazini na mahali pa faragha pasipokuwa choo, kisha bima nyingi zikatakiwa kugharimia pampu. Mama wa Kimarekani alipewa mashine. Siku za kukaa na mtoto kwa malipo, katika ngazi ya taifa, hakupewa. Serikali ilichagua kilicho rahisi zaidi kwa mwajiri.

Kwetu Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaruhusiwa kuanza likizo wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio. Akifanya hivyo, na mtoto akazaliwa kwa wakati, hubakiwa na siku 56 baada ya kujifungua. Kliniki inamwambia amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita. Kati ya siku 56 na miezi sita kuna shimo, na pampu ndiyo ubao tunaouweka juu yake.

Lakini sheria hiyohiyo ina kifungu kinachosahauliwa: mama anayenyonyesha aruhusiwe kumnyonyesha mtoto katika saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wazo hilo ni la kale kuliko pampu ya ofisini. Mkataba wa kimataifa wa uzazi uliopitishwa Washington mwaka 1919 ulitaka nusu saa mara mbili kwa siku. Anayenyonyeshwa hapo ni mtoto, si chupa. Wenzetu wa Kenya wameelekea kwingine: Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba chenye mahali pa kunawia, kifaa cha kupoozea maziwa, meza, viti, na soketi za pampu. Ninaipenda sheria hiyo kwa kuwa inataja vitu vinavyoonekana, ambavyo mkaguzi anaweza kuvihesabu. Hofu yangu ni kwamba mwajiri akishaweka soketi ataona amemaliza deni lake.

Basi nilimwambia mhitimu wetu aanze na saa, ndipo aende kwenye mashine. Anayefanya kazi karibu na nyumbani, akazidai saa zake mbili na kupewa, pampu ya mkono yaweza kumtosha. Hata mkono mtupu, ambao muuguzi wa wodi ya wazazi humfundisha mama bila bei, hufanya kazi kubwa. Anayetumia saa mbili barabarani kila upande anahitaji ya umeme ya matiti mawili, yenye betri, maana umeme hukatika bila kuuliza nani ananyonyesha. Achague ambayo maziwa hayawezi kuingia kwenye mota, na ya mtumba isiyo na kinga hiyo aiache sokoni. Apime upana wa chuchu kwa milimita kabla ya kuikubali faneli iliyomo sandukuni, ambayo mara nyingi ni ya 24: ikibana hukwaruza, ikizidi humeza ngozi. Anunue vali za akiba. Vali ikilegea mvuto hupungua, na mama hudhani maziwa yamekauka. Mkoba wa barafu si anasa. Zile saa nne za kukaa nje ya friji zinazotajwa katika miongozo ni za nyuzi 25 au chini yake, na Dar es Salaam mchana hupita hapo. Na kikombe chenye mdomo mpana husafishika kuliko chupa.

Asizitegemee sana ahadi za matangazo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinadhibiti utangazaji wa maziwa ya kopo, chupa na chuchu za bandia. Pampu haimo katika orodha hiyo.

Liko jambo moja ambalo hakuniuliza. Maziwa yaliyokamuliwa yatamfikia mtoto kwa mkono wa dada wa kazi, na dada wa kazi mara nyingi naye ni mama. Mama lishe humbeba mtoto mgongoni na kumnyonyesha kati ya sufuria na sufuria. Mwajiriwa wa ofisini ana mkoba wake. Dada huyu amemwacha wa kwake kwa bibi kijijini. Naye ni mwajiriwa. Sheria ya 2004 haikumtenga: siku zake ni 84 zilezile, na saa zake za kunyonyesha ni mbili zilezile, na mwajiri anayepaswa kumpa ni yule yule anayetafuta pampu.