Maenguo, Wala Si Makinikia

Tangu Machi 2017, Serikali ya Tanzania ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa ng'ambo, na makontena 277 yakazuiliwa bandarini Dar es Salaam, neno makinikia, ambalo ndilo jina la mchanga huo, limetapakaa magazetini na vibarazani, nami tangu siku zile sijapata raha nalo.

Asili yake haifichiki. Ni makini, Kiarabu kwa nasaba, kitu kilichothibiti mahali pake, ndugu wa damu wa hili yamkini letu la kila siku. Lakini lilipotua pwani likahamia katika utulivu wa akili, hata mzee amwambiapo kijana awe makini, hakuna afikiriye jiwe. Walioliunda waliona lugha ya kigeni ikitumia neno moja kwa fikira zilizotulizana na kwa madini yaliyokusanywa, wakadhani na Kiswahili kimefungwa na sadfa hiyo. Tena wameliketisha katika ngeli ya wingi, nisijue umoja wake ni kinikia au ni kitu gani.

Mimi nasema maenguo. Nilipata kusimama mbele ya birika katika mgodi mmoja wa Kanda ya Ziwa: mawe yamesagwa yakawa uji, yametiwa dawa na kupulizwa hewa, na povu la kijivu, ling'aalo kama risasi mpya, linapanda na shaba na dhahabu yake hata linamwagika ukingoni. Mama zetu, wakitoa povu chunguni au malai juu ya maziwa, kitendo hicho wamekiita kuengua tangu kale.

Mjumbe wa kamati moja, nisiyotaka kuitaja, aliijibu barua yangu ya kurasa nne kwa mstari mmoja, kwamba kinachoenguliwa hutupwa, kama majina ya wagombea. Bwana huyo hajapata kuona malai: aenguaye malai huyaweka bakulini, wala hayamwagi.

Tena neno hili humfaa mwenye mtaji, kwa kuwa humkumbusha kwamba kilichoenguliwa bado hakijaiva. Dhahabu iliyo huru hunaswa mwaloni kwa uzito wake. Iliyofungamana na shaba ni ghali kuitoa kwa sayanaidi, kwani shaba nayo huila dawa ile, na kwa hiyo huenguliwa. Lakini hapo pana nauli ya meli na ujira wa tanuri la kuyeyushia, vyote hukatwa katika thamani yake, na anayetamani tanuri lake mwenyewe hana budi apate maenguo mengi na umeme usiokatika, la sivyo halitamlipa.

Matumizi ni mepesi: maenguo ya shaba, birika la kuengulia, masalio ya kuengua. Barua yangu ya pili kwa kamati ile nimekwisha kuitia stempu.