Mkunga wa Pwani ya Barafu

Katika Kutoka sura ya 1 twasoma habari za Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu kuliko walivyomwogopa Farao. Leo tumtazame mkunga mwingine, wa nchi ya mbali.

Myra Grimsley alizaliwa London mwaka 1890, akasomea uuguzi na ukunga. Mwaka 1921 alivuka bahari, akashuka Daniel's Harbour, kijiji cha wavuvi katika kisiwa cha Newfoundland, ambacho kilijiunga na Kanada mwaka 1949. Mkataba wake ulikuwa wa miaka 2 tu. Daktari hakuwako pale. Wakati wa baridi bahari iliganda, meli zisifike. Mama aliposhikwa na uchungu, muuguzi alifuatwa kwa mashua, au kwa gari la kukokotwa juu ya theluji. Pengine alikwenda kwa miguu.

Mwaka 1922 aliolewa na mwenyeji wa hapo, Angus Bennett, na nyumba yao ikawa ndiyo zahanati. Alizalisha, alishona majeraha, hata meno aling'oa. Mwaka 1926 shemeji yake aliangukia msumeno wa mashine, mguu ukawa karibu kukatika. Myra aliushona, kisha wakamlaza juu ya gari la theluji, wakaenda naye yapata maili 60 mpaka kwa daktari wa Bonne Bay. Mguu ukapona.

Kazi ya serikali aliiacha mwaka 1953. Lakini watu hawakuacha kubisha mlangoni, naye hakuacha kufungua. Watoto waliozaliwa mikononi mwake walizidi 700. Alifariki mwaka 1990, mwenye umri wa miaka 100.

Ndugu, sisi wachungaji tukipelekwa mtaa wa mbali usio na barabara, swali letu la kwanza huwa, "Tutahamishwa lini?" Twakiri kosa hilo. Walimu na wauguzi nao wanalijua. Miaka 2 ya Myra iligeuka kuwa 69, si kwa kuwa pale palikuwa na raha, bali kwa kuwa mlango ulibishwa usiku naye alikuwako.

Kando ya ziwa letu na bahari yetu wako akina mama wanaongoja mashua gizani. Je, wakibisha, watatukuta?