Nakala kamili: maana na matumizi katika ukusanyaji wa michezo ya video ya zamani

nakala kamili nm [i-/zi-] mchezo wa video wa zamani ulio pamoja na kasha lake, kijitabu chake cha maelekezo na vitu vingine vyote ambavyo mchapishaji aliviweka ndani ya kasha hilo ulipouzwa kwa mara ya kwanza. *Kinyume:* nakala pungufu, kaseti pekee, diski pekee.

Wakusanyaji wanaotumia Kiingereza wana kifungu ambacho, kikifasiriwa neno kwa neno, humaanisha "kamili ndani ya kasha", nacho hufupishwa kwa herufi CIB. Mfasiri anayekutana na kifungu hicho katika tangazo la mnada, mkataba wa mauzo au orodha ya makumbusho hushawishika kuandika "nakala kamili" na kuendelea na kazi yake. Tafsiri hiyo inakubalika, lakini haitoshi. Maneno yote mawili yaliyomo, *nakala* na *kamili*, yana maana zaidi ya moja, na katika biashara hii tofauti baina ya maana hizo hupimwa kwa fedha: kaseti iliyo peke yake na kaseti hiyohiyo ikiwa na kasha na kijitabu chake zinaweza kutofautiana bei mara kadhaa.

1. Neno *nakala*

*Nakala* limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuhamisha na kunukuu. Kiswahili cha leo kinalitumia kwa maana mbili zinazokaribiana lakini zinazopingana. Maana ya kwanza ni kitu kilichotolewa kutoka kwenye kingine kilicho halisi: *Leta cheti halisi pamoja na nakala yake.* Maana ya pili ni kimoja kati ya vitu vingi vya chapa moja, visivyo na "halisi" nyingine nyuma yake: *Kitabu hiki kilichapishwa nakala elfu tatu.*

Mkusanyaji anakusudia maana ya pili. Msomaji wa kawaida, hasa aliyezoea lugha ya ofisini, anaweza kuelewa ya kwanza, na hapo "nakala kamili ya mchezo" itamfikia kama mchezo uliorudufiwa wote. Hatari hii si ndogo, kwa kuwa kaseti na makasha ya kuigiza ni mengi sokoni. Katika matini ya kibiashara, kwa hiyo, neno *nakala* litanguliwe au lifuatwe na *halisi* au *ya mchapishaji* pale linapojitokeza kwa mara ya kwanza: *nakala halisi na kamili*.

2. *Kamili*, *-zima*, *-kamilifu*

Maneno haya matatu hubadilishana katika mazungumzo. Katika maelezo ya bidhaa hayabadilishani.

*Kamili* (kutoka Kiarabu) hueleza kwamba idadi au kiwango kinachotarajiwa kimefikiwa bila kupungua: *saa mbili kamili*, *malipo kamili*. Halichukui kiambishi cha ngeli: *kasha kamili, kijitabu kamili, michezo kamili*.

*-zima* ni la asili ya Kibantu na huchukua kiambishi: *kasha zima, kijitabu kizima, mashine nzima*. Lina maana ya "chote", na pia maana ya "kisicho na ubovu". Ndiyo maana *kasha zima* huweza kueleweka kuwa kasha lote na vilivyomo, au kasha lisilochanika. Mwandishi anayekusudia hali ya kasha ni afadhali aseme *kasha lisilo na mikunjo wala michaniko*.

*-kamilifu* hueleza ubora usio na dosari, na mara nyingi hubeba uzito wa maadili. *Mchezo mkamilifu* ni sifa ya mhakiki kwa kazi ya msanii. Si maelezo ya muuzaji kuhusu yaliyomo ndani ya kasha.

Tofauti ya *kamili* na *-zima* huonekana vizuri katika The Legend of Zelda, uliouzwa Marekani mwaka 1987 katika kaseti ya rangi ya dhahabu. Kaseti hiyo ina betri ndogo inayohifadhi maendeleo ya mchezaji. Betri ikiisha nguvu, mchezo hauhifadhi tena, hata kama kasha, kijitabu na ramani yake vipo vyote. Sentensi sahihi ni hii: *Nakala hii ni kamili, lakini si nzima.* Kinyume chake, kaseti inayofanya kazi vizuri lakini imepoteza kasha lake ni *nzima, lakini si kamili*. Mfasiri asiyetenganisha mambo haya mawili atamwahidi mnunuzi jambo ambalo muuzaji hakulisema.

3. Vinavyohesabiwa

Kiswahili kina majina ya kibiashara yanayobeba idadi ndani yake. Doti ya kanga ni vipande viwili. Darzeni ni vitu kumi na viwili. Korija ni ishirini. Anayeuza doti halazimiki kusema "kamili", maana desturi ya soko imekwisha kuhesabu. *Nakala kamili* ya mchezo haina idadi ya namna hiyo. Kila mchapishaji alijaza kasha lake alivyotaka, na kila mashine ilikuwa na utaratibu wake.

Desturi ya wakusanyaji hutambua viwango viwili. Kiwango cha chini ni vitu vitatu: mchezo wenyewe, kasha na kijitabu cha maelekezo. Kiwango cha juu ni kila kitu kilichotoka kiwandani. Kwa michezo ya mashine ya Nintendo Entertainment System, iliyoingia katika soko la Marekani mwaka 1985, kiwango cha juu mara nyingi hujumuisha mfuko mweusi wa plastiki wa kukinga kaseti na vumbi, kipande cha povu gumu kilichojaza nafasi chini ya kasha, na karatasi za matangazo. Wengi walivitupa vitu hivyo siku ileile ya kununua, na ndiyo sababu leo ni adimu kuliko kaseti zenyewe.

Mashine nyingine zina hesabu nyingine. Michezo mingi ya Sega Mega Drive iliuzwa katika makasha ya plastiki ngumu, kwa hiyo makasha yake yamesalia mengi kuliko ya karatasi. Katika michezo ya PlayStation ya kwanza iliyouzwa Marekani, kijitabu ndicho kilichokuwa uso wa mbele wa kasha; aliyekipoteza amepoteza vitu viwili kwa mkupuo.

4. Sehemu ambayo mchezo unaitegemea

Mtu aliye nje ya uwanja huu huweza kudhani kwamba karatasi na vifuko ni pambo, na kwamba mchezo ni ule ulio ndani ya kaseti. Mifano ifuatayo inaonyesha kwamba mpaka huo si wazi.

StarTropics (1990) uliuzwa pamoja na barua ya karatasi iliyoandikwa kana kwamba imetumwa na mmoja wa wahusika. Mchezo unapofika mahali fulani, mchezaji huambiwa aichovye barua hiyo majini. Maandishi yaliyofichika hujitokeza na kutoa namba 747, ambayo lazima aiingize ili aendelee. Katika Metal Gear Solid (1998), mchezaji huelekezwa atazame nyuma ya kasha la diski apate masafa ya redio, nayo ni 140.15. Mbinu kama hizi huifanya karatasi na kasha kuwa sehemu ya simulizi.

Kampuni ya Infocom ya Marekani ilitangulia katika jambo hili. Mchezo wake wa Deadline (1982), unaomfanya mchezaji kuwa mpelelezi, uliambatana na nyaraka za upelelezi na hata vidonge vya kuigiza kama ushahidi. Mchezo wake wa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy (1984) ulikuwa na kifuko cha plastiki kilichodaiwa kubeba kundi la vyombo vya angani vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kifuko hicho kilikuwa kitupu. Hata hivyo, nakala isiyo na kifuko hicho kitupu si kamili kwa kiwango cha juu, na msimamizi wa maktaba anayekiondoa akidhani ni taka atakuwa ameipunguza nakala yake.

5. Ukamilifu hutegemea toleo na soko

Wakusanyaji wa Japani hutumia neno linalounganisha *hako*, yaani kasha, na *setsu*, kifupi cha neno la kijitabu cha maelezo. Neno lao hutaja sehemu zinazohesabiwa, wala halisemi "kamili". Aidha, michezo mingi ya diski iliyouzwa Japani ilikuwa na ukanda wa karatasi uliokunjwa juu ya uti wa kasha, unaoitwa *obi*, jina lilelile la mshipi wa vazi la kimono. Nakala ya Kijapani isiyo na ukanda huo huhesabiwa kuwa pungufu. Nakala ya Kimarekani ya mchezo huohuo, ambayo haikuwahi kuwa na ukanda, ni kamili bila huo.

Zipo pia kaseti za kuigiza zenye michezo mingi ndani, zilizoenea katika nchi nyingi za Asia, Ulaya ya Mashariki na Afrika. Mara nyingi ziliuzwa bila kijitabu chochote. Kuziita "pungufu" kwa kuwa hazina kijitabu ni kuzipima kwa kipimo kisicho chake. Swali la kwanza la mfasiri, basi, ni hili: toleo hili lilitoka na nini, wapi, na lini?

6. *Kamili* si *isiyofunguliwa*, wala si *ya asili moja*

Nakala *isiyofunguliwa* ni ile ambayo bado imo ndani ya utando wa plastiki wa kiwandani. Ukamilifu wake hudhaniwa. Haujathibitishwa kwa macho. Bei zake ni za ulimwengu mwingine: mwezi Julai 2021, nakala isiyofunguliwa ya Super Mario 64 iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa dola 1,560,000. Kwa hiyo *kamili* na *isiyofunguliwa* yasitumike kama visawe.

Lipo pia suala la nakala iliyokusanywa kipande kwa kipande: kaseti kutoka kwa muuzaji mmoja, kasha kutoka kwa mwingine, kijitabu kutoka kwa wa tatu. Ikiwa vipande vyote ni halisi na vya toleo moja, wakusanyaji wengi huikubali kuwa kamili. Ikiwa kimoja ni cha toleo jingine au kimechapwa upya siku hizi, sivyo. Hapa mchezo wa video unaachana na bao. Kete za bao ni sitini na nne. Ikipotea moja, komwe nyingine huchukua nafasi yake na bao hurudi kuwa kamili, kwa kuwa ukamilifu wake ni wa matumizi. Ukamilifu wa mkusanyaji ni wa asili. Kijitabu kilichochapwa upya husomeka vizuri, lakini hakijazi pengo.

7. Vifungu vinavyochanganywa

*Mchezo kamili*: programu yenye sehemu zake zote, kinyume cha toleo la kujaribia. Doom (1993) ulisambazwa kwanza kwa sehemu moja ya bure. Aliyelipia alipata mchezo kamili. Kifungu hiki hakisemi lolote kuhusu kasha.

*Seti kamili*: michezo yote iliyotolewa kwa ajili ya mashine fulani katika soko fulani. Isitumike kwa mchezo mmoja.

*Kaseti pekee*: kaseti isiyo na kasha wala kijitabu. Itenganishwe na *kaseti ya pekee*, yaani isiyo na mfano wake. Kiunganishi kimoja kikizidi, kitu cha bei ya chini kabisa hugeuka kuwa cha bei ya juu kabisa.

*Kaseti tupu*: kaseti isiyorekodiwa kitu. Isitumike badala ya *kaseti pekee*.

8. Ushauri kwa mfasiri na mwalimu

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania, zilizorithi misingi ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, zinataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Neno *kamili* katika tangazo ni sehemu ya maelezo hayo, nalo linaweza kusomwa kama ahadi. Kwa sababu hiyo, *nakala kamili* isiachwe peke yake katika matini yoyote yenye matokeo ya kifedha. Ifuatwe na orodha ya vilivyomo, kisha hali ya kila kimoja, kisha toleo:

*Nakala halisi na kamili, toleo la Marekani: kaseti (nzima, betri imebadilishwa), kasha (lina mkunjo pembeni), kijitabu (kurasa zote zipo), ramani.*

Katika sentensi hiyo, *halisi* inajibu swali la uigizaji, *kamili* swali la idadi, *nzima* swali la ubovu, na *toleo* swali la kipimo. Wanafunzi wanaweza kupewa matangazo yasiyo na mpangilio huo wayapange upya kwa maswali haya manne. Zoezi hilo linafaa pia kwa vitabu vya zamani, santuri na saa za mkono, ambako neno *kamili* huzua utata wa namna hiyohiyo.

*Tazama pia:* asilia, halisi, nakala, pekee, pungufu, seti, -zima.