Wino mbadala na wasifu wa rangi

Wino mbadala ni wino wa printa ya inkjeti usiotengenezwa na kampuni iliyounda printa yenyewe. Studio ndogo za picha zilizo kando ya barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, kuanzia Waa hadi Ukunda na Msambweni, huutumia kupunguza gharama ya picha za harusi, za shule na za pasipoti. Wasifu wa rangi ni faili linaloijulisha kompyuta jinsi printa fulani, ikiwa na wino fulani na karatasi fulani, inavyotoa rangi. Wino ukibadilishwa, wasifu wa zamani hauna kazi tena.

Historia

Kabla ya printa hizi picha zilisafishwa kwa filamu, zikiwemo za wapiga picha waliokuwa na vibanda vyao karibu na feri ya Likoni miaka ya 1990. Inkjeti hurusha matone ya wino kwa njia mbili. Mwaka 1977 Canon iligundua njia ya joto, baada ya chuma cha kulehemu kugusa kwa bahati sindano iliyojaa wino na tone kuruka. Hewlett-Packard ikauza printa ya joto ya ThinkJet mwaka 1984. Epson ilishika njia ya piezo, ambapo fuwele hujikunja kwa umeme na kusukuma tone. Kwa kuwa wino hauchemshwi, kichwa cha piezo huvumilia wino wa aina nyingi, na hii ni sababu moja ya wino mbadala kushamiri zaidi kwenye printa za Epson. Mafundi walikuwa wakiunganisha katriji na chupa za nje kwa mipira myembamba. Mwaka 2010 Epson yenyewe ilianza kuuza printa za matangi nchini Indonesia. Baadaye ikaja printa yake ya L800 ya rangi sita: nyeusi, sayani, majenta, manjano, sayani hafifu na majenta hafifu.

Aina za wino

Wino wa dai ni rangi iliyoyeyuka. Hung'aa vizuri lakini hufifishwa na mwanga na ozoni. Wino wa pigmenti ni chembe zinazoelea majini. Hudumu zaidi, ila huziba matundu printa ikikaa bila kazi.

Si haki kuudharau wino mbadala kwa jina tu. Mwaka 2000 picha za Epson Stylus Photo 1270, zilizochapwa kwa wino halisi, zilionekana kugeuka rangi ya machungwa baadhi ya mahali kwa sababu ya ozoni hewani.

Kutengeneza wasifu

Muundo wa faili la wasifu umesanifishwa na ICC, muungano ulioundwa mwaka 1993 na kampuni nane, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft. Kwanza matundu hukaguliwa, kwani mstari mmoja uliokatika huharibu vipimo vyote. Kisha huchapwa karatasi yenye mamia ya vipande vya rangi, marekebisho yote ya rangi ya dreva, yaani programu inayoendesha printa, yakiwa yamezimwa. Hapa ndipo wengi hukosea: wakiacha dreva isahihishe rangi, wasifu utakaopatikana utasahihisha mara ya pili.

Karatasi huachwa ikauke, ikiwezekana siku nzima. Katika unyevu wa Pwani, hasa masika, hatua hii haifai kuharakishwa, maana dai huendelea kutulia ndani ya karatasi na kipimo cha mapema hudanganya. Baadaye kila kipande hupimwa kwa spektrofotomita, kifaa cha kupimia rangi, na programu huandika jedwali la kuoanisha rangi iliyoagizwa na iliyotoka. Programu ya ArgyllCMS, kazi ya Graeme Gill, hufanya hivyo bila malipo.

Matokeo

Dosari huonekana mapema kwenye rangi nyeusi. Vazi la buibui hutoka na ukijani, na uso mweusi hupoteza vivuli au hupata uwekundu wa homa, mteja akalaumu wino. Mara nyingi kosa ni la wasifu. Bahari ya Diani ni mtihani mwingine: nafasi ya rangi ya sRGB, iliyobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996, haibebi samawati-kijani zote ambazo wino wa sayani unaweza kuchapa, kwa hiyo mpiga picha wa ufukweni hufaidika akihifadhi picha katika Adobe RGB (1998). Wasifu haurefushi maisha ya picha. Dai duni litafifia hata likipimwa vizuri.

Hali ya sasa

Picha nyingi sasa hubaki kwenye simu. Kwa zile ambazo bado huchapwa, studio isiyo na spektrofotomita inaweza kuchapa karatasi ya vipande na kuituma ipimwe kwingine. Wasifu utakaorudi utafaa kwa wino ule na karatasi ile tu.