Milima ya mchanga ya Shela ndiyo ngao ya maji ya Lamu

Mji uliojengwa kando ya mto huweza kuumwagia mto uchafu wake, na mkondo ukausukuma mbali. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji yake matamu hutokana na mvua inayozama katika milima ya mchanga ya Shela, na uchafu ukishaingia humo hauna mkondo wa kuuondoa.

Milima hiyo imeandamana na ufuo wa kusini wa kisiwa kwa takriban kilomita 12. Visima vilivyochimbwa humo ndivyo vinavyoulisha mji wa Lamu, ambao Mji wake wa Kale uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001.

Maji juu ya maji

Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Wataalamu hukadiria kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 zilizo chini ya usawa huo. Hesabu hii ina upande wa pili: kina hicho kikishuka mita 1 kwa kuchotwa kupita kiasi, maji ya chumvi hatimaye huweza kupanda mita 40.

Mchanga nao huyachuja maji yanaposhuka polepole, punje zake zikinasa bakteria na chembechembe. Hata hivyo, mchujo huo una mpaka. Naitrati, kemikali itokanayo na kinyesi na mkojo, huyeyuka na kupita. Ikizidi katika maji ya kunywa huwadhuru watoto wachanga. Aidha, shimo la choo likifika karibu na maji ya ardhini, hakuna tena mchanga wa kutosha kuyachuja.

Funzo la mji

Mji wa Kale umelionja tatizo hilo. Nyumba zake za mawe zimesongamana, na kwa muda mrefu vyoo vya shimo vimekuwa hatua chache tu kutoka visimani. Visima vingi vya mji vikaharibiwa na chumvi na uchafu, ndipo Shela ikawa tegemeo. Maji ya kuogea na ya jikoni hupita katika mitaro ya vichochoroni hadi baharini, mbele ya gati wanakoteremka wageni na wavuvi.

Ng'ambo, katika kisiwa cha Manda, yapo magofu ya Takwa, mji uliohamwa katika karne ya 17. Kuchacha kwa visima ni miongoni mwa sababu zinazotajwa, na wakazi wake yasemekana walivuka hadi Shela.

Mtambo hufanya nini

Mtambo wa kusafisha majitaka wa mji mdogo hauhitaji mashine nyingi. Majitaka hupitishwa kwenye wavu wa kunasa takataka, kisha katika mabwawa yanayofuatana. Katika la kwanza, lenye kina kirefu, tope hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Yanayofuata ni ya kina kifupi, ambamo miani hutoa oksijeni na mwanga wa jua huua vijidudu. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliwataka wanaomwaga majitaka yaliyosafishwa katika mazingira kutimiza viwango vilivyowekwa.

Lakini mabwawa huhitaji ardhi pana, na vichochoro vya Lamu ni vyembamba kwa magari ya kunyonya majitaka. Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza inabaki kuwa rahisi: matangi yasiyovuja, yanayomwagwa kwa wakati, na milima ya Shela isiyochimbwa mchanga wala kujengwa nyumba. Takwa ilipohamwa, Shela ilikuwa ng'ambo tu. Shela ikiharibika, Waamu watapoteza tegemeo lao la maji.